Njiwa Jozi Moja, Vyumba Viwili

Mama mmoja wa upande wa Mugumu ameuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mnalo. Ana jozi nne za njiwa. Hutaga vema, lakini mayai huvunjika na makinda wanaopona ni wachache mno. Naye alikuwa amewatumainia wampatie kitoweo na fedha kidogo za madaftari ya watoto. Jirani amemwambia njiwa wake wamelogwa. La, hasha! Kosa liko katika nyumba waliyojengewa.

Tazameni njiwa anavyoishi. Jike hutaga mayai mawili, naye na dume huyaatamia kwa zamu kwa siku 17 au 18. Makinda hulishwa na wazazi wote wawili, nao hukaa chumbani kama mwezi mmoja. Walakini mama yao hangoji waondoke. Wakiwa na majuma mawili au matatu tu, yeye yu tayari kutaga tena. Akikosa chumba cha pili atataga papo hapo, penye uchafu, miguuni pa makinda, nao wakigombea chakula huyakanyaga mayai. Au ataingia chumbani kwa mwenzake, na hapo vita huanza. Basi jozi moja yataka vyumba viwili. Jozi nne, vyumba vinane.

Msibomoe, wala msihamishe nyumba, maana njiwa hurudi pale alipozoea hata pakiwa patupu. Pigilia sanduku jingine ubavuni mwa lile la zamani. Kila chumba kiwe futi moja kila upande, au kizidi kidogo. Chini ya mlango weka kibao cha inchi 3, mayai yasibingirike nje. Ndani tia kigae kipana cha chungu. Majani watajiletea wenyewe.

Huko Marekani ya mashariki wako mbayuwayu wakubwa wa rangi ya zambarau, ambao sasa karibu wote huzalia katika nyumba walizotengenezewa na watu. Vyumba vya zamani vilikuwa vya inchi 6 kwa 6. Wafugaji wengi wameondoa ukuta wa kati ili viwili viwe kimoja cha inchi 6 kwa 12, kiota kikae mbali na mlango, bundi asiwafikie makinda kwa kucha zake. Tena wengine wameacha tundu la duara, wakakata mlango wa umbo la mwezi mwandamo, mbayuwayu apenye na kwezi, ambaye ni mnene zaidi, abaki nje. Mlango huo haumfai njiwa, yeye ataka kama inchi 6. Lakini kiota kuwa mbali na mlango kwamfaa sana, kwa ajili ya mwewe.

Kanu na nyoka hupanda usiku. Kama nyumba i juu ya nguzo, izungushie bati laini kwa urefu wa futi 3 hivi, na tawi lolote la mwembe linaloikaribia likatwe. Bati bila kukata tawi ni kazi bure. Siafu nao huzuiwa kwa grisi iliyopakwa chini ya bati, nayo ipakwe upya kila ikikauka au ikijaa vumbi.