Eti ni uzee tu!

Wajameni, nimekuwa kimya kidogo. Nilikwenda nyumbani Katonga kumwona bibi. Mnaoijua Kigoma mnapajua: mwalo, mitumbwi, dagaa mchangani, harufu inayokupokea kabla hujaliona ziwa. Bibi ana miaka zaidi ya sabini, na mingi kati ya hiyo ameimaliza akigeuza dagaa juani na kubeba magunia. Siku hizi hatoki. Haendi mwaloni, haendi misibani, hata Ujiji kwa mdogo wake haendi.

Nikamtania kama kawaida yetu, "Bibi, mumeo nimerudi, mbona hunipokei?" Hakucheka. Alitazama kamba nyuma ya nyumba. Ilikuwa imejaa vipande vya khanga kuukuu.

Mkojo unamvuja. Mwaka wa tano huu. Akikohoa unatoka, akiinua ndoo unatoka, usiku hawahi chooni. Alipopelekwa kutibiwa (sitasema wapi) akajibiwa, "Ni uzee tu." Baadaye alilazwa kwa homa, wakamwekea mpira wa mkojo na kuuacha siku kumi na moja, maana wauguzi wachache na shuka chache. Homa ikaisha, akatoka na maambukizi ya njia ya mkojo.

Nikamwomba mhariri wangu ukurasa. Akacheka: "Mikojo ya vikongwe? Nani atanunua gazeti?" Basi naandika hapa, na yeye asome bure.

Hiyo "ni uzee tu" ni uvivu uliovaa koti jeupe. Kuvuja mkojo kuna sababu, na sababu hutafutwa. Kuzaa mara nyingi hulegeza misuli ya nyonga. Kukoma hedhi huchangia. Kuna kisukari, choo kigumu, kikohozi kisichoisha, kuna vidonge vya presha ambavyo kazi yake ni kukojoza. Na mama anayevuja usiku na mchana tangu alipojifungua huenda ana fistula, yaani tundu, na tundu hushonwa. CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa, na matibabu bure. Nani kati yetu waandishi amelipeleka hilo kwa bibi wa mwaloni?

Kwa wanaume kuna mpira wa kuvalisha kwa nje kama kondomu, una bomba na mfuko, si jambo geni hospitalini. Kwa wanawake maumbile hayaruhusu, na kwa miaka mingi ilionekana imetosha kusema hivyo. Katika miaka ya 2010 Wamarekani walianza kuuza PureWick. Ni kama utambi laini unaokaa nje, katikati ya mapaja, pampu ndogo inavuta mkojo polepole hadi kwenye chombo. Hakuna kinachoingia kwenye kibofu, ndiyo maana hatari ya maambukizi inapungua ukilinganisha na mpira wa ndani. Utambi hubadilishwa kila baada ya saa 8 hadi 12, na ngozi lazima ikaguliwe isichubuke. Unahitaji umeme, utambi mpya kila siku, na mtu aliyelala au aliyekaa. Sisemi uletwe Katonga kesho, bibi hawezi kutembea nao kwenda sokoni. Ila kuna watu waliokaa wakajiuliza: bibi huyu atalalaje pakavu bila kuchomekwa mpira? Sisi hata swali hatujauliza.

Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha, nchi nzima ikabishana, nami nikaandika. Nani alitaja nepi za bibi? Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, na dirisha la wazee nimeliona. Ukifika dirishani unaambiwa nini?

Tena mengine hayahitaji hata senti. Yule daktari Kegel aliandika kuhusu mazoezi ya misuli ya nyonga mwaka 1948! Unabana kama unayezuia mkojo, unahesabu hadi nane, unaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku, miezi mitatu bila kukata tamaa. Kwenda chooni kwa saa, usisubiri kubanwa. Kopo la mdomo mpana kando ya kitanda. Kuosha, kukausha, kupaka mafuta ya mgando. Na kunywa maji! Bibi alikuwa haweki tone mdomoni kuanzia saa kumi jioni, kumbe mkojo mzito ndio unaokisumbua kibofu.

Lililoniuma zaidi aliniambia siku ya kuondoka. Ameacha kuswali. Anajiona najisi. Nikampigia ustadhi mmoja wa Ujiji, nikaweka sauti ya juu. Akaeleza bila kufungua kitabu: mwenye udhuru ajisafishe, afunge kitambaa, atawadhe wakati wa swala ukishaingia, aswali, na kinachotoka baada ya hapo hakimharibii. Anaijua hukumu hiyo tangu chuoni. Nikamuuliza lini mara ya mwisho ameisema kwenye darsa la kina mama. Akasema, "Hawajauliza."

Jana bibi kanipigia kwa simu ya jirani. Anataka kujua kama kule kuhesabu ni hadi nane au hadi kumi, maana kwenye nane anachoka.