Picha Si Pambo

Leo ningependa tuzungumze kidogo kuhusu slaidi. Tangu shule yetu ipate projekta, si mnajua jinsi tunavyokimbilia kubandika magazeti madirishani ili giza liingie? Jambo lenyewe si baya. Lakini je, tunaitumia ipasavyo?

Kwanza, maneno yamezidi. Msemaji hujaza mistari ishirini, kisha anatupa mgongo na kuanza kutusomea. Kwani sisi hatujui kusoma? Na sisi wa nyuma hatuoni hata herufi moja! Maoni yangu ni kwamba slaidi moja ibebe wazo moja, herufi ziwe kubwa, na maelezo yatoke kinywani. Hata stima ikipotea, msemaji aendelee.

Pili, picha si pambo. Kundi moja lilifundisha kuhusu moyo likatuwekea moyo mwekundu wa kadi za wapendanao, tena unarukaruka. Mchoro wa kawaida wenye vyumba vinne na mishale ya kuonyesha damu inakopita ungetufaa zaidi. Mwaka 1854 kipindupindu kilipozuka Soho, London, daktari John Snow alitia alama kwenye ramani kwa kila aliyekufa. Alama zilisongamana karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Ramani ile haikuwa na maua pembeni, lakini ilionyesha hatari iko wapi.

Tatu, na hili linaniuma kwa sababu mkosaji ni mimi. Katika Jiografia tulipewa mada ya chanzo cha mafuriko. Nilitafuta kwenye intaneti picha za mafuriko yaliyotukumba Nairobi mwaka 2024, nikachagua ya mama aliyeketi juu ya godoro lililolowa, watoto wamemzunguka. Ilipotokea ukutani, darasa liliangua kicheko, ati kwa sababu mtoto mmoja hakuwa na suruali. Mwenzetu mmoja hakucheka. Aliinamisha kichwa juu ya dawati. Jioni tukienda nyumbani aliniambia, "Yule ni shangazi yangu."

Sikuwa na la kusema. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kuna watakaosema kwamba bila picha ya kuhuzunisha watu hawasikii. Huenda. Lakini wenzangu walisikia nini siku ile? Walicheka tu. Tena picha yenyewe haikueleza chanzo cha mafuriko hata kidogo. Mtaro ulioziba kwa taka nyuma ya shule yetu ungeeleza yote, na singemwaibisha mtu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kuweka picha jiulize: inaeleza nini ambacho maneno yangu hayawezi? Ilipigwa wapi, lini na nani? Andika hayo chini yake. Na kama kuna mtu ndani yake, hebu jiulize kama ungeionyesha iwapo angekuwa ameketi pale darasani.

Mwenzangu alinisamehe. Juzi tulikwenda pamoja kuupiga picha ule mtaro, na muhula ujao tutaifundisha mada ile upya, sisi wawili.