Shangazi na Saa Nne na Nusu za Tiketi

Shangazi yangu wa Wete anajua kusoma tiketi, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Nilimpelekea picha yake kwa simu: kuondoka Maskati saa tatu asubuhi, kufika Unguja saa saba u nusu mchana. Akahesabu. "Saa nne na nusu tu, mwanangu, nawe mwaka wa tatu huu huonekani?"

Nikamweleza kuwa saa ya Omani imetangulia ya Zanzibar kwa saa moja, kwa hiyo angani tunakaa saa tano na nusu. Hakusadiki. Nikamsomea ya kurudi: kutoka saa nane u nusu mchana, kufika saa tatu usiku. "Kumbe kwenda kwenu ndiko mbali," akasema. "Kuja kwetu karibu."

Simlaumu. Kosa ni letu tulioko Omani, tuliozoea kutaja mwendo wa ndege kana kwamba inatua barazani. Maskati na Unguja zimeachana kilomita kama 3,900, lakini mimi sikai Maskati, naye hakai Unguja. Mimi nakaa Ibra. Ndege ya saa tatu asubuhi hunitoa kitandani saa nane za usiku, nishike barabara ya Bidbid gizani, nikapange foleni na maboksi yangu ya halua na tende. Unguja kuna foleni ya pasi, kuna kungoja mizigo, kisha kuna Pemba yenyewe. Nikiiwahi ndege ndogo ya jioni, nashukia Chake, natafuta gari ya Wete. Nikiikosa nalala Unguja, na asubuhi ni boti mpaka Mkoani, halafu kupanda kisiwa karibu chote.

Mjomba alipofariki, simu ilinikuta nimetoka kuswali alfajiri. Adhuhuri alikuwa keshazikwa. Nilikuwa bado natafuta nafasi ya ndege.

Pale Suri, kando ya khori, limewekwa jahazi Fatah al-Khair, lililoundwa mjini humo mwaka 1951. Mjukuu wangu aliniuliza majahazi kama lile yalichukua saa ngapi kufika Zanzibar. Saa! Wasuri walishuka na kaskazi, wiki tatu upepo ukiwa mwema, na kurudi ni mpaka kusi ianze kuvuma, Aprili hivi. Aliyekawia alikuwa na udhuru ambao hata mtoto wa pwani aliujua. Udhuru wetu sisi nani anauona? Nauli hupanda shule zinapofungwa, na shule zisipofungwa hatuna ruhusa ya kuondoka.

Kwa hiyo nimeacha kutaja saa za ndege, na nawashauri wenzangu wa Ibra, Suri na Nizwa waziache pia. Tuhesabu mlango kwa mlango. Juzi nilimwambia shangazi: kutoka kwangu hadi kwako ni mchana na usiku, na nauli yake naiweka mwaka mzima.

Alinyamaza kidogo. "Basi na nyie mnangoja kaskazi," akasema, kisha akauliza halua ya safari hii ni ya zafarani au vipi.