Airbus na Boeing: Muuzaji asishike mizani peke yake

Ndege kubwa za abiria zinazopita juu ya Kivu, karibu zote zinatoka kwa kampuni mbili tu. Moja ni Boeing ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1916 mjini Seattle. Nyingine ni Airbus ya Ulaya, iliyoundwa mwaka 1970, yenye makao yake mjini Toulouse, Ufaransa. Watu wengi wanabishana ni nani kati yao anatengeneza ndege nzuri zaidi. Ulizo hilo si baya, lakini si lile linalookoa maisha. Ulizo linalookoa maisha ni hili: nani aliikagua ndege kabla haijapewa ruhusa ya kubeba watu, na mshahara wake unatoka kwa nani?

Ushindani wenyewe una faida yake. Mwezi wa 12 mwaka 2010, Airbus ilitangaza ndege yenye injini mpya, A320neo, na kuahidi kwamba itapunguza mafuta kwa asilimia 15. Kama mpinzani asingekuwepo, pengine hakuna ambaye angejisumbua kutafuta injini ya namna hiyo. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kulalamikia jambo hilo.

Ubaya uliingia pamoja na haraka. Mwezi wa 7 mwaka 2011, American Airlines, mteja wa Boeing wa miaka mingi, ilitangaza kwamba itanunua ndege 460, na 260 kati yake zitatoka Airbus. Boeing ilikuwa inafikiria kutengeneza ndege mpya kabisa, lakini kazi hiyo ingechukua miaka mingi, na wateja walikuwa wanaondoka. Basi ikachukua ndege yake ya zamani, 737, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, ikaifungia injini mpya na kuiita 737 MAX.

Sasa, 737 ni ndege fupi ya miguu, tumbo lake liko karibu na ardhi. Injini mpya zilikuwa kubwa, hazikuenea vizuri chini ya bawa, zikasogezwa mbele na kupandishwa juu kidogo. Hapo ndege ikapata tabia ya kuinua pua kupita kiasi katika hali fulani. Boeing ikaweka programu ya kompyuta, MCAS, ya kuisukuma pua irudi chini. Programu hiyo ilisikiliza kipimo kimoja tu kilichofungwa nje ya ndege. Kipimo kikidanganya, programu inasukuma pua chini, tena na tena, hata kama rubani anaivuta juu. Na marubani hawakuambiwa kwamba kitu hicho kipo; hakikuandikwa katika vitabu vyao.

Kwa nini kufichwa? Kwa sababu ya bei. Mafunzo mapya ya marubani yanagharimu pesa, na Boeing ilitaka kuuza ndege isiyohitaji mafunzo mengi. Iliiahidi Southwest, kampuni kubwa ya Marekani, kwamba kama marubani wake watalazimika kufundishwa upya katika mashine ya mazoezi, itaipunguzia dola milioni 1 kwa kila ndege.

Tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 2018, ndege ya Lion Air ilianguka baharini nchini Indonesia. Watu 189 walikufa. Ndege nyingine za aina hiyo ziliendelea kuruka. Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, na kati yao wafanyakazi 7 wa PAM, shirika lile lile linaloleta unga na maharagi kwa wahami. Uchina na wengine walisimamisha ndege hizo haraka. Marekani, inchi ya mtengenezaji, ilikuwa kati ya wale wa mwisho.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Mamlaka ya ndege ya Marekani ilikuwa imeacha sehemu kubwa ya ukaguzi mikononi mwa wafanyakazi wa Boeing wenyewe, wanaolipwa na Boeing. Sheria iliruhusu. Lakini mama yeyote aliyewahi kupanga mstari siku ya kugawa chakula anajua ubaya wake. Mwenye unga akishika mizani peke yake, bila kamati ya wahami kusimama pembeni, kilo haitakuwa kilo. Si lazima awe mwizi. Inatosha awe na haraka.

Airbus nayo haina mikono safi. Mwaka 2020 ilikubali kulipa euro bilioni 3.6 kwa Ufaransa, Uingereza na Marekani ili kumaliza kesi za hongo katika mauzo yake. Mnunuzi aliyekula hongo hana muda wa kuuliza kama ndege inamfaa abiria.

Wapo watakaosema soko linajua kuadhibu. Ni kweli kwamba mwaka 2019 Airbus ilikabidhi wateja ndege 863, na Boeing 380 tu. Lakini soko linaadhibu watu wakiisha kuzikwa. Tena halifundishi vya kutosha: mwezi wa 1 mwaka 2024, kipande cha ubavu wa 737 MAX ya Alaska Airlines kiling'oka angani, kwa sababu bolti za kukishika hazikuwekwa.

Mambo haya si ya wazungu peke yao. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya umezikataza kampuni zote za ndege zenye kibali cha Kongo kuingia katika anga lake. Sababu haikuwa jina la mtengenezaji. Sababu ilikuwa udhaifu wa serikali katika ukaguzi. Wakaaji wa Goma hawajasahau tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2008, DC-9 ilipoangukia mtaa wa Birere, juu ya watu ambao hata tiketi hawakununua.

Kwa hiyo wabunge wa Kivu wakienda Kinshasa, wasiulize tu ni ndege ngapi zitanunuliwa na za kampuni gani. Waulize mamlaka ya usafiri wa anga ina wakaguzi wangapi, wanalipwa kwa wakati au hapana, na kama mkaguzi anaweza kuizuia ndege ya mkubwa isiruke bila kupoteza kazi. Kama jibu la mwisho ni hapana, basi ndege iwe ya Seattle au ya Toulouse, abiria anapanda kwa bahati yake.