Ekseli ngumu ni nzuri, lakini kilo ziko na mwisho



Siku hizi kwetu Bengamisa, ukikaa kwenye meza ya chai asubuhi, unasikia maneno moja tu: ekseli. Ile chuma inayobeba magurudumu, ile bafundi betu banaita esye. Jipe ndogo ya kikundi hiki imevunja, triporteri ya kikundi kile imevunja, na ma-PDG wa mashimo wanasema tuchange pesa tutie ekseli ngumu zaidi, ya motokari kubwa, kiisha mambo itaisha. Wengine wameanza kukata fungu la wachimbaji juu ya ile mchango.

Mimi sipingi ekseli ngumu. Napinga kudanganyana. Nina haki ya kusema, kwa sababu kosa ninalotaka kueleza ni langu mwenyewe.

Kikundi chetu kilikuwa na Samurai moja, ile Suzuki ndogo ya zamani. Siku moja ilivunja fimbo ya nyuma, yaani chuma kirefu ndani ya ekseli kinachozungusha gurudumu. Tulikuwa watu sita ndani, wawili juu, mifuko ya mchele, bidoni za mazutu, na motopompe ya shimo. Tukavutwa mpaka mjini. Fundi mmoja akatuambia wazi: "Hii haisudewe. Mutafute ingine." Tukatafuta bei, tukaona ni kali. Mimi njo nilisema: "Tuende kwa mwingine, asude tu, tutaona." Mwingine akasude. Ilitembea vizuri majuma matatu. Nilijiona mwenye akili.

Kiisha usiku mmoja udongo ukaanguka juu ya kijana wetu mu shimo. Mguu wake ulipondeka. Tukamlalisha mu Samurai, mvua imeisha kunyesha, tukaelekea Kisangani. Hatukufika hata Bengamisa. Chuma kikakatika karibu kabisa na pale kiliposudewa, na gurudumu likatoka nje pamoja na kipande chake. Tulimbeba kijana kwa tipoyi mu giza mpaka tukapata moto. Tulifika hospitali kubwa asubuhi. Daktari hakutukaripia. Aliuliza tu: shimo lilimwangukia saa ngapi? Tulipomjibu, akanyamaza. Mguu ulikatwa. Leo yule kijana anauza ma-unités mbele ya nyumba ya dada yake, na kila nikipita ananisalimia kwa heshima. Ile heshima inaniumiza kuliko matusi.

Basi tangu siku ile nimekaa sana na mafundi, nikiuliza kama mtoto wa shule. Haya ndiyo niliyoelewa.

Kwanza, fimbo ya ekseli si chuma cha kawaida kama cha dirisha. Ilipikwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo huko kiwandani, ili iwe ngumu juu na iweze kujipinda kidogo bila kukatika. Ukiisude, moto unaharibu ile kazi yote. Pembeni ya pale palipogandishwa, chuma kinakuwa dhaifu au kinakuwa kama sahani ya udongo. Njo maana yetu haikukatika mu usudaji wenyewe, ilikatika pembeni. Fundi wa pili hakufanya kazi mbaya. Alifanya kazi ambayo haifai kufanywa, na sisi njo tuliomwomba.

Pili, ekseli ziko aina mbili, na kila mchimbaji anayepanda motokari anapaswa kujua tofauti. Mu aina ya kwanza, kama ile ya nyuma ya Samurai na ya Hilux nyingi, fimbo inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na inabeba uzito wa motokari. Ikikatika, gurudumu linaweza kutoka. Mu aina ya pili, kama ponti ya nyuma ya Land Cruiser kubwa za kazi, uzito unabebwa na bomba la nje na rulema zake, na fimbo inazungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki fasi yake, na unaweza kuvutwa mpaka kijijini. Hata triporteri za mizigo kutoka China zinauzwa kwa aina hizi mbili. Mwenye kununua triporteri aulize hili mbele ya kuuliza rangi.

Kwa hiyo, wanaosema tutie ponti ya motokari kubwa chini ya jipe ndogo, hawasemi upuuzi. Mu inchi nyingi watu wanatia ponti za Toyota chini ya Samurai, na inatembea. Lakini kazi ile iko na masharti. Idadi ya meno ndani ya diferansieli ya nyuma lazima ilingane na ya mbele. Kama hailingani, siku utakapofunga magurudumu yote manne juu ya njia kavu, mbele na nyuma vitavutana, na utavunja kitu kingine. Frein lazima zifuate, na chuma kirefu cha katikati kikatwe kwa kipimo. Fundi asiyekuambia hayo yote anataka pesa yako tu.

Tena kuna jambo moja ambalo watu hawapendi kusikia. Nguvu ikivunja hapa, ukikaza hapa, itaenda kuvunja pengine. Ukitia fimbo ngumu, diferansieli njo itapasuka. Ukikaza diferansieli, chuma cha katikati kitajipinda. Na ukitia mapine makubwa ili motokari ikae juu, umeongeza mwenyewe ile nguvu inayopinda fimbo, kwa sababu gurudumu kubwa ni sawa na mpini mrefu. Vijana wetu wanatia mapine makubwa kwanza, kiisha wanalia juu ya ekseli. Ni sawa na mtu anayechimba chini ya miti ya kushikilia shimo, kiisha anauliza kwa nini udongo unaanguka.

Hapa ninafika kwenye neno langu kubwa: kilo.

Samurai yenyewe, bila mtu, ina uzito wa karibu tani moja. Ilitengenezwa kubeba kilo kama 400 hivi, watu ndani yake. Watu wanne wenye mwili na mifuko miwili ya kilo 50, umefika. Sisi tulikuwa tunapakiza mara mbili ya ile. Halafu tunasema motokari ya Japani ni mbovu. Mwaka 2007 Wachile wawili walipandisha Samurai iliyotengenezwa upya juu ya mlima Ojos del Salado, wakapita metre 6,600, fasi ambapo hata kupumua ni shida. Hawakubeba mchele. Nguvu ya ile motokari ndogo ni wepesi wake. Sisi tunamnyima ule wepesi, kiisha tunamnunulia mifupa ya tembo.

Na hapa tunajipinga wenyewe. Mchimbaji anajua kupima. Mbele ya negosiya tunagombana juu ya uzito wa kijiti cha kiberiti. Mtu anaweza kukataa kuuza siku nzima kwa sababu mizani inatikisika. Lakini wakati wa kupakiza motokari, hakuna anayeuliza kilo ngapi. Tunapima dhahabu, hatupimi ndugu zetu.

"Papa, ni rahisi kwako kusema," kijana mmoja aliniambia juzi. "Shoferi akibeba kidogo, anakula nini? Na sisi huku chini tukikosa mchele na mazutu, tunachimba na nini?" Sauti yake ni ya kweli, siwezi kuitupa. Njia ni mbaya, safari ni chache, kila mtu anataka kitu chake kiende leo. Lakini nilifungua kaye yetu ya kikundi na kupiga hesabu: kusude, kuvutwa mara mbili, siku tisa bila kazi, chakula kilichooza, na pesa ya hospitali. Jumla ilipita mbali bei ya fimbo mbili nzima pamoja na rulema zake. Mzigo mwingi unaonekana kama faida mpaka siku chuma kinakatika. Siku ile, wote mnalipa, na mara nyingine mwenye kulipa zaidi ni yule ambaye hakuwa na mfuko hata mmoja mu motokari.

Kwa hiyo ninapendekeza haya, na ninaomba ma-PDG wayasome pamoja na watu wao.

Moja: mwenye mzigo njo alipe, kwa kilo zake. Kukata fungu la kila mchimbaji sawasawa si haki. Kijana anayepanda na mfuko wake wa nguo hawezi kulipa ekseli sawa na mwenye kupakiza motopompe na bidoni nne. Mizani ya mifuko inauzwa mjini. Tuinunue, tuandike mu kaye.

Mbili: fimbo iliyokatika isisudewe tena. Tuweke likelemba ya motokari, kidogo kila juma, ili siku ya kuvunja tuwe na pesa ya kununua nzima. Na fimbo nzima ya akiba ikae ndani ya motokari, pamoja na rulema na kapuchoni lake la kuzuia mafuta.

Tatu: kutunza mbele ya kukaza. Kila mara tunavuka maji, ponti iko na moto, maji ni baridi, hewa ndani inajivuta, na maji yanaingia kama kapuchoni limechoka au bomba dogo la kupumua limezibwa na matope. Fungua mafuta ya ponti. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na rulema inakufa polepole. Na wakati fimbo iko nje, tazama meno yake kwenye ncha. Yakiwa yamejipinda hata kidogo, ile fimbo imeisha, hata kama inaonekana nzuri.

Ine: shoferi asipigane na matope. Gurudumu likizunguka mbio mu matope, kiisha likagusa fasi ngumu kwa ghafula, njo pale fimbo inakatika. Sisi ni wachimbaji, jamani! Majembe iko, mikono iko. Tushuke, tupunguze mzigo, tuchimbe, tutie miti chini. Na baryeri ya mvua iheshimiwe. Anayempa askari wa baryeri kitu kidogo ili apite juu ya njia yenye maji, anaharibu njia ya wote na ekseli yake mwenyewe kwa siku moja.

Tano: motokari isiwe ya mtu mmoja anayeamua peke yake. Kodi ya mine ya mwaka 2018 inataka mchimbaji wa mikono awe na karte na awe mu koperative iliyokubaliwa. Wengi wetu tunaona ile koperative kama karatasi ya kuonyesha kwenye kontroli. Tuifanye iwe na kazi. Koperative inaweza kuwa na motokari, kaye, mizani, na sheria moja isiyovunjwa: mgonjwa akiwa ndani, mizigo inashuka.

Sitaki serikali ifikiri nimeisahau. Hii njia yetu si kijia cha wawindaji. Ni barabara ya taifa namba 4, inayotoka Kisangani kupanda Banalia, Buta, mpaka mpaka wa Afrika ya Kati. Tangu mwaka 2008 kuna FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na peaje inalipwa juu ya jina lake. Tuna haki ya kuuliza, kwa sauti na kwa karatasi yenye muhuri wa koperative, ile pesa inafika kilometa gani. Na tuiulize pia juu ya vijia vinavyoingia mu mashimo, hata kama tunajua tutajibiwa kwamba vile si vyao. Lakini kungojea jibu hakutuzuii kupima mifuko kesho asubuhi. Njia mbaya haikutuambia tupakize mara mbili. Ni sisi.

Najua wengine watasema mzee huyu anaongea juu ya chuma wakati watu wana njaa. Mimi nawajibu: nendeni mkamuulize yule kijana anayeuza ma-unités. Ekseli ni chuma mpaka siku mtu wako analala ndani ya motokari. Siku ile inakuwa mguu wake.

Kama mtachanga juu ya ekseli ngumu, changeni, hata mimi nitatoa fungu langu. Lakini mbele ya kutoa dolari ya kwanza, kila mmoja aweke mfuko wake juu ya mizani, wengine wakitazama.