Gari Haliivi kwa Kungojewa

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Sina nia ya kuwakosoa, lakini kuhusu kulifufua gari la zamani nyumbani, methali hiyo imewapotosha wengi. Tunda huiva lenyewe mtini, gari haliivi. Likingojewa huota kutu. Hoja yangu ni kwamba anayeifanya kazi hii haokolewi na subira pekee, wala na ari ya siku ya kwanza. Humwokoa utaratibu unaompa jambo dogo la kukamilisha kila anaposhika spana.

Nasema haya nikiwa na ushahidi. Chini ya mwarobaini, uani kwetu Balambala, limeegeshwa gari aina ya Land Rover Series III, toleo lililoundwa kati ya 1971 na 1985. Babu alilinunua katika mnada wa magari makuukuu ya serikali, nalo kwa miaka mingi likawabeba wagonjwa, wajawazito na magunia ya sukari kwenye barabara ya vumbi iendayo Garissa. Huko Marekani watu hufufua Ford Mustang zenye silinda 8 kwa fahari ya mwendo. Letu lina silinda 4 tu, na fahari yake ni kwamba lilifika. Kwamba magari ya kale huweza kuhimili vumbi letu, mbio za East African Safari Classic zimelithibitisha tangu 2003. Ila yale yana mafundi na wafadhili. Sisi wa nyumbani tuna spana chache na likizo.

Nilipoanza, nilitenda kosa la wanagenzi. Katika wiki moja nililifungua gari zima: milango, viti, kabureta, breki. Nikarudi chuoni nikiwa nimeacha mifupa mitupu. Likizo iliyofuata sikutaka hata kulitazama. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani yake, na jamaa zangu wakaanza kukubaliana naye. Babu peke yake ndiye aliyekataa. Akaniita akasema, "Mjukuu wangu, mpaka sasa umechinja tu. Utafufua lini?"

Swali hilo lilinifunza mambo matatu.

Kwanza, sehemu moja ikamilishwe kabla ya kugusa nyingine. Nilianza na injini iliyokuwa imekwama. Nilitoa plagi, nikamimina oili kidogo katika kila silinda, nikaiacha siku kadhaa, kisha nikaizungusha polepole kwa hendeli ya mkono. Siku iliposogea nusu mzunguko, nilipata nguvu za likizo nzima. Breki zifuate, rangi iwe ya mwisho. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, hivyo huweza kung'aa ilhali fremu ya chuma iliyo chini yake imeliwa na kutu. Anayeanza na rangi hujidanganya, na udanganyifu huo ukifichuka, moyo huvunjika.

Pili, kazi iwe na saa zake. Joto la Garissa halina huruma. Nafanya kazi baada ya swala ya alfajiri hadi saa tatu, kisha baada ya alasiri. Sijiulizi kama nina hamu. Aghalabu hamu hunikuta kazini.

Tatu, kila kitu kiandikwe. Kila skrubu ina kopo lake, na kila kopo lina jina. Hapa, wanachama wenzangu, ndipo taaluma yetu inapoingia. Mafundi wa gereji wana maneno yao: rejeta, gasketi, klachi, propela. Daftari langu limekuwa orodha ya vipuri na kamusi ndogo kwa pamoja, na ninapokata tamaa hulifunua nikaona nilikotoka.

Wapo watakaouliza: ukame wa 2020 hadi 2022 uliangamiza mifugo kaskazini, na mwishoni mwa 2023 mafuriko yakawahamisha watu, vipi mtu afikirie chuma kikuukuu? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba hakuna mbuzi wa nyumbani atakayeuzwa kwa ajili ya kipuri. Nanunua kwa vijisenti ninavyopata kwa kuwafundisha watoto wakati wa likizo. Vikiisha, nasugua kutu, kazi isiyodai chochote ila mkono. Mpaka huo pia hulinda ari, maana anayefufua gari kwa deni huishia kulichukia.

Kwa hivyo, msomaji mwenzangu uliye na gari, au hata tasnifu, iliyoachwa nusu, usiingoje iive. Bandu bandu huisha gogo. Injini yetu haijanguruma bado. Hata hivyo, kila alasiri babu huleta kiti chake chini ya mwarobaini akaniuliza leo ni zamu ya kopo lipi, na mnunuzi wa vyuma chakavu amekoma kuja na mizani.