Goti jipya na usukani

Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa kundi letu aliyebadilishiwa goti la kuume: atarudi lini kwenye usukani?

Tunajua kwa nini anauliza mapema. Mama akilala, motokari nayo inalala. Watoto wanapanda pikipiki kwenda shuleni, bidhaa zinabaki depo. Na jamaa iliyouza kiwanja ili mgonjwa apasuliwe, wengine hadi Kampala au India, inahesabu kila juma.

Waganga wengi wanaruhusu kati ya juma la 4 na la 6. Goti la kuume linaweza kukawia zaidi. La kushoto, kama motokari ni otomatiki, wengine wanaruhusiwa mbele ya hapo. Lakini yenye ambreyaji ni kazi nyingine, hasa hapa Bukavu, unaposimama katikati ya mlima na kuondoka tena. Na usukani uwe kuume au kushoto, freni inabaki kwa mguu wa kuume.

Kwenda polepole mbele ya nyumba si kipimo. Mtoto akiruka barabarani, je, mguu utaacha mafuta na kukanyaga freni kwa nguvu, mara moja, bila kusita? Jaribu kwanza motokari ikiwa imesimama, injini imezimwa. Rudia mara nyingi. Kama unainua mguu kwa mikono, au maumivu yanakuzuia kukanyaga mpaka mwisho, bado. Ukiweza, muganga aliyekupasua akuone na akuruhusu yeye mwenyewe. Bwana wa nyumba hana ruhusa hiyo ya kutoa, hata akichoka kupanda teksi!

Jambo ambalo wengi wanalisahau ni dawa. Tramadoli na kodeini zinapunguza maumivu, lakini zinaleta usingizi na kupunguza wepesi wa akili. Ukiwa ungali unazitumia, usiendeshe.

Kwa kuingia, sukuma kiti nyuma, keti kwanza ukiwa umegeukia nje, kisha ingiza miguu. Sashe ya plastiki juu ya kiti inasaidia kugeuka; iondoe mbele ya kuwasha motokari. Safari za kwanza ziwe fupi. Njia ya Uvira ingoje. Hata ukiwa abiria, simama kila saa utembee kidogo, kwa sababu damu inaweza kuganda mguuni baada ya upasuaji. Mguu ukivimba na kuuma nyuma, nenda hospitali siku ileile. Pumzi ikikatika au kifua kikiuma, usingoje hata saa moja.

Mama wetu yuko katika juma la 3. Majirani wawili wamekubali kupeleka watoto wake shuleni kwa zamu mpaka muganga amwone tena. Siku ya alhamisi bado haina mtu. Mwenye motokari anayepita upande wa Nguba asubuhi, amwambie mama msimamizi.